Mwizi Aliyeandika Barua

(Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima. Mwalimu asome kwanza kwa sauti, kisha wanafunzi wasome wenyewe kwa zamu.)

Mimi ni afisa wenu wa elimu, nami nimerudi kama nilivyoahidi.

Leo hatutaanza na herufi. Tutaanza na safari ya meli. Tegeni masikio vizuri, kwa maana nitawauliza swali kabla sijafika mwisho wa kisa.

Meli moja kubwa, jina lake Provence, yatoka Ufaransa kwenda Marekani. Abiria wake wa daraja la kwanza ni watu wenye mali. Katika meli hiyo mna mtambo uliokuwa mpya siku zile, yaani simu ya upepo, chombo cha kupeleka habari mbali pasipo waya. Huyo ndiye mama wa redio hii mnayoisikiliza. Siku ya pili ya safari habari yaingia kutoka pwani. Yasema kwamba mwizi mashuhuri, Arsène Lupin, yumo melini. Yumo daraja la kwanza. Nywele zake ni za rangi ya dhahabu. Ana jeraha katika mkono wa kuume. Anasafiri peke yake. Na jina la uongo alilojipa laanza na herufi R. Hapo hapo dhoruba inachafua hewa, na habari inakatika. Herufi moja tu ya jina imefika.

Basi hofu ikaingia melini. Kila mtu alimtazama jirani yake. Abiria walianza kuhesabu: nani anasafiri peke yake? Nani ana nywele za rangi hiyo? Nani jina lake laanza na R? Wakampata kijana mmoja, Rozaine, wakamkazia macho. Punde vito vya bibi mmoja tajiri vikaibiwa. Baadaye Rozaine mwenyewe akakutwa amefungwa kamba, pochi yake imekwisha kuchukuliwa fedha, na juu yake pana kadi yenye jina la Arsène Lupin. Abiria wakachanganyikiwa kabisa.

Kisa hiki tunasimuliwa na abiria mmoja, kijana mwenye adabu aitwaye Bernard d'Andrézy. Yeye anatueleza jinsi alivyokuwa akizungumza na binti mmoja mzuri, jina lake Nelly, jinsi walivyomtafuta mwizi pamoja, na jinsi walivyoogopa wote. Mwishowe meli inafika New York. Gatini anasimama mzee mmoja wa polisi kutoka Paris, Inspekta Ganimard, akingoja.

Hili ndilo swali langu. Mwizi ni nani? Mwalimu, tafadhali simamisha kusoma kidogo, uwaache wanafunzi wajibu.

Mmekwisha kujibu? Sasa sikilizeni. Mwizi alikuwa ndiye yule yule aliyekuwa akitusimulia. Ganimard alimkamata yeye, Bernard d'Andrézy, kwa maana Bernard wa kweli alikuwa amekwisha kufa zamani. Vito vilikuwa vimefichwa ndani ya kamera, na kamera alikuwa ameishika Nelly. Binti yule alipofahamu jambo lenyewe hakusema neno. Aliteremka ngazi ya meli polepole, akaiachia kamera itumbukie majini kana kwamba imemponyoka.

Tazameni jinsi tulivyodanganyika. Katika lugha yetu neno moja laweza kubeba mtu mzima ndani yake. Tukisema "nilitafuta," herufi mbili za mwanzo, N na I, zatuambia nani alitafuta. Tukisema "tulitafuta," herufi T na U zatuambia ni watu wengi. Mwizi yule alijificha ndani ya herufi hizo. Alisema, "Sisi tulimtafuta mwizi," nasi tukamhesabu miongoni mwa watafutaji. Hatukumwuliza: wewe unayesema, je, ni nani? Neno hili liwekeni akilini, tutalirudia.

Sasa niwaeleze aliyekitunga kisa hiki. Jina lake ni Maurice Leblanc. Alizaliwa mwaka 1864 katika mji wa Rouen, kaskazini mwa Ufaransa, akafa mwaka 1941. Alipokuwa na miaka arobaini alikuwa amekwisha kuandika vitabu kadhaa, vikasifiwa na watu wachache na kununuliwa na wachache. Mchapishaji mmoja, Pierre Lafitte, alikuwa ameanzisha gazeti la kila mwezi liitwalo Je sais tout, maana yake "Najua yote." Alimwomba Leblanc amwandikie hadithi ya kusisimua watu, mfano wa zile za Waingereza za mpelelezi Sherlock Holmes. Kisa cha meli kilitoka katika gazeti hilo mwezi wa Julai, mwaka 1905.

Wasomaji walikipenda mno. Lafitte akataka vingine. Leblanc akasema haiwezekani, maana mwizi amekwisha kamatwa. Lafitte akamjibu kwamba kama amekamatwa, basi na atoroke! Ndipo Leblanc alipoendelea, na mwaka 1907 visa tisa vya kwanza vikakusanywa katika kitabu kimoja. Jina la kitabu hicho kwa Kiswahili twaweza kusema "Arsène Lupin, Mwizi Mwungwana." Leblanc aliandika habari za mwizi huyo karibu maisha yake yote yaliyobaki.

Kwa nini watu walizipenda hadithi hizi wakati ule? Sababu moja yatuhusu sisi wa madarasa haya. Ufaransa ilikuwa imeweka sheria mwaka 1881 na mwaka 1882, siku za waziri Jules Ferry, kwamba elimu ya msingi iwe bure, tena iwe lazima kwa kila mtoto. Watoto wale walipokuwa watu wazima, nchi ilijaa wasomaji. Gazeti moja la Paris, Le Petit Parisien, liliuza zaidi ya nakala milioni moja kwa siku. Mpishi alisoma, mpanda farasi alisoma, fundi viatu alisoma. Na katika nchi iliyojaa wasomaji, Leblanc alimbuni mwizi anayeiba kwa karatasi.

Nasema kwa karatasi, wala si kwa nyundo na mtaimbo. Sikilizeni kisa cha pili, mtafahamu.

Lupin amefungwa katika gereza la La Santé, mjini Paris. Mbali na hapo, kando ya mto Seine, kuna jumba la kale lililojengwa juu ya mwamba katikati ya maji. Humo anakaa tajiri mmoja, Baron Cahorn, pamoja na watumishi wake wazee watatu. Jumba limejaa picha za thamani na vyombo vya kale. Tajiri huyu anaogopa wezi kuliko kifo. Milango yake ina makomeo mazito, na wageni hawaalikwi.

Siku moja mleta barua anamletea barua ya rejista. Imeandikwa kutoka gerezani. Ndani yake Lupin amemwandikia kwa adabu nyingi, akitaja picha moja moja na viti kimoja kimoja. Anamwomba avifunge vizuri na kumpelekea kwa gari la moshi, gharama zikiwa zimekwisha kulipwa. Asipofanya hivyo, Lupin atakuja kuvichukua mwenyewe usiku wa tarehe 27 kuamkia 28 Septemba. Tena anaongeza kwamba picha moja asihangaike kuipeleka, kwa kuwa si ya asili, ni nakala tu.

Tajiri alitetemeka. Aliwaandikia wakuu wa serikali, wakamjibu kwamba Lupin yumo gerezani, amefungiwa, na hapana sababu ya kuogopa. Majibu hayo hayakumtuliza. Ndipo siku moja akasoma habari fupi katika gazeti dogo la mji wa jirani, Caudebec. Gazeti lilisema kwamba Inspekta Ganimard, yule aliyemkamata Lupin, yuko hapo mjini kwa mapumziko yake, anavua samaki.

Tajiri alifurahi kana kwamba ameletewa dawa. Alikwenda mtoni, akamkuta mzee ameketi na ndoano yake. Mzee alikataa kwanza, akasema yuko likizoni. Tajiri akambembeleza na kumwahidi fedha. Mwishowe mzee akakubali. Usiku ule wa tarehe 27 alikuja na watu wawili wenye nguvu, akawaweka ndani ya vyumba vyenye mali, akafunga milango, yeye na tajiri wakalala chumba kingine. Usiku ulikuwa kimya. Asubuhi walipofungua, vyumba vilikuwa vitupu. Picha hazipo, viti havipo. Walinzi wamelala usingizi mzito wa dawa.

Mmekwisha kutambua? Mvuvi yule hakuwa Ganimard. Alikuwa mtu wa Lupin. Habari ya gazetini iliandikwa na mtu wa Lupin. Na barua ya kwanza, ile ya vitisho, haikuandikwa ili tajiri apeleke mali yake. Lupin alijua hataipeleka. Iliandikwa ili tajiri aogope, na akiogopa atafute msaada, na akitafuta msaada aikute habari ile iliyowekwa tayari mbele ya macho yake. Makomeo yote ya jumba lile hayakuvunjwa hata moja. Aliyeufungua mlango ni mwenye nyumba.

Ndugu zangu, Baron Cahorn alijua kusoma. Alisoma barua yote, akasoma na gazeti. Hakukosea neno hata moja. Lakini hakuuliza: nani ameandika habari hii gazetini? Angepeleka simu moja tu kwa wakuu wa polisi wa Paris kuuliza Ganimard yuko wapi, mali yake ingepona.

Hapa niwape habari niliyoiona kwa macho yangu mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilikwenda kukagua darasa moja la jioni. Katika darasa hilo alikuwamo mzee mmoja aliyejifunza kusoma baada ya kupata wajukuu. Nilimjua tangu siku alipokuwa hawezi kushika kalamu, na siku alipoandika jina lake ubaoni mara ya kwanza nilipiga makofi pamoja na wengine. Jioni ile, baada ya kunijibu shikamoo yangu, alitoa karatasi mfukoni. Ilikuwa imepigwa chapa, ina muhuri wa buluu chini. Ilimtaka alipe ada ya kupimiwa shamba lake, ampe mjumbe aliyeileta, kabla ya siku ya Ijumaa. Asipolipa, shamba litaandikwa jina la mtu mwingine.

Mzee aliisoma yote bila kukwama. Kisha akauza mbuzi wawili, akalipa. Mjumbe yule hakuonekana tena, na alipokwenda kuuliza ofisini, aliambiwa hakuna karatasi kama ile iliyotoka kwao.

Nilitaka kumpa pole, lakini yeye ndiye aliyesema kwanza. Alisema, "Mwalimu, zamani nisingedanganyika. Ningempelekea mtu anisomee, naye huenda angestuka. Sasa nimejua kusoma, sikumwuliza mtu."

Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani na maneno yale. Mpaka leo, kila ninapotayarisha somo, namwona mzee yule na karatasi yake. Nimefahamu kwamba tulimfundisha nusu ya kazi. Tulimfundisha kuzifuata herufi, hatukumfundisha kuziuliza maswali. Ndiyo sababu nimewaletea hadithi za mwizi huyu Mfaransa. Leblanc hakuziandika ziwe somo, aliziandika zichekeshe na kusisimua. Lakini kila anapoiba Lupin, ukimfuata nyuma nyuma utakuta mtu aliyesoma kitu akakiamini upesi.

Chukueni kisa cha tatu. Lupin bado yumo gerezani, na siku ya hukumu inakaribia. Anatangaza wazi kwamba yeye hatahudhuria kesi yake. Polisi wanacheka, lakini moyoni wana wasiwasi. Magazeti yanaandika, watu wanangoja. Siku ya kesi inafika, mshtakiwa analetwa mbele ya majaji, na watu wanashangaa. Mtu huyu ana uso wa maradhi, ngozi mbaya, macho mazito. Anasema jina lake ni Désiré Baudru, na kwamba hajui kwa nini amefungwa. Inspekta Ganimard anaitwa, anamtazama kwa makini, anasema, "Huyu siye Lupin." Watu wote wanaelewa: Lupin amekwisha toroka, amemwacha maskini huyu mahali pake. Wanamfungulia Baudru aende zake.

Lakini aliyetoka nje ya mlango ule alikuwa Lupin mwenyewe. Kwa muda mrefu alikuwa ameubadili uso wake kwa dawa na kwa mazoezi. Hata hivyo uso peke yake usingetosha. Kilichomfungulia mlango ni lile tangazo lake. Watu walikuwa wameambiwa kwamba Lupin hatakuwapo mahakamani, na kwa hiyo walipomwona hawakumwona. Neno lililotangulia liliwafumba macho.

Naona mwanafunzi mmoja ananyosha mkono. Anauliza, "Je, mwalimu, unatufundisha kumpenda mwizi?"

Swali hilo ni zuri, wala sitalikwepa. Mwizi ni mwizi. Anayeiba picha ya tajiri na anayeiba mbuzi wa mzee wote wamechukua kisicho chao. Lakini nyote mnajua kwamba tangu utoto tumecheka na sungura akimdanganya simba, na tumemcheka sultani alipodanganywa na Abunuwasi. Tunacheka kwa sababu mnyonge amemshinda mwenye nguvu kwa akili. Leblanc aliijua furaha hiyo, akampa Lupin watu wa kuwaibia ambao hatuwahurumii sana.

Tena katika kisa kimoja, kiitwacho "Kidani cha Malkia," alitueleza chanzo cha mwizi huyu. Mwanamke mmoja fukara, Henriette, aliishi katika nyumba ya tajiri aliyesoma naye zamani. Walimpa chumba kibaya, wakamfanyisha kazi kama mtumishi, na wema wao ukawa wa masimango. Alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka sita. Usiku mmoja kidani cha thamani kikatoweka. Henriette akatiliwa shaka, hatimaye akafukuzwa pamoja na mwanawe. Hakuna aliyemdhania mtoto, na mtoto ndiye aliyekichukua. Huyo ndiye aliyekuwa Lupin. Hapo Leblanc hasemi kwamba wizi ni halali. Anatuonyesha mtoto aliyemwona mama yake akidharauliwa kila siku, kisha anatuachia sisi tupime.

Nami napima hivi. Mzee wangu wa mbuzi wawili hakuwa Baron. Hakuwa na jumba wala picha. Wezi wa karatasi katika maisha yetu hawachagui matajiri kama Lupin. Wanachagua yule aliyejifunza kusoma jana. Kwa hiyo tucheke na Lupin kitabuni, na tuchukue kwake maarifa ya kumzuia mwenzake atakapobisha hodi.

Sasa tufanye mchezo kidogo, maana somo bila mchezo huchosha. Wale mliosoma Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kitabu kilichotoka mwaka 1960, mnamjua Bwana Msa, mpelelezi wa Unguja. Katika hadithi zile twasimama upande wa mpelelezi. Leblanc alitusimamisha upande wa pili. Mwaka 1906 alimwingiza katika hadithi yake mpelelezi mashuhuri wa Waingereza, Sherlock Holmes, ili ashindane na Lupin. Mwenye mpelelezi huyo, Arthur Conan Doyle, hakupendezwa. Leblanc akafanya nini? Alichukua herufi ya kwanza ya jina moja akaiweka mwanzoni mwa jina la pili. Sherlock Holmes akawa Herlock Sholmès. Andikeni majina yote mawili ubaoni mtazame. S imehama tu. Kila msomaji alimtambua, na jina si lile.

Lupin naye alijibadilisha majina kwa namna hiyo hiyo. Kateni vipande kumi na kimoja vya karatasi. Andikeni herufi moja juu ya kila kipande: A, R, S, E, N, E, kisha L, U, P, I, N. Hilo ni jina la Arsène Lupin. Sasa zipangeni upya vipate Paul Sernine. Mmeona? Herufi ni zile zile, hapana iliyoongezwa wala iliyopungua. Katika kitabu kiitwacho 813, kilichotoka mwaka 1910, yupo mtu mkubwa anayejiita Sernine, na ndiye Lupin. Zipangeni tena mpate Luis Perenna. Huyo naye ni Lupin, katika vitabu vya baadaye. Jina lake lilikuwa mbele ya macho ya watu wote, na hakuna aliyezipanga herufi.

Mchezo huu una maana. Jina lililoandikwa si mtu. Muhuri si ofisi. Gazeti si ushahidi mpaka ujue habari imetoka kwa nani. Na siku hizi hata karatasi si lazima. Wengi wenu mmepata ujumbe katika simu zenu za mkononi, kutoka kwa mtu msiyemjua, akisema ile fedha itumwe kwa namba hii. Mwandishi hajui kama unadaiwa. Anapeleka kwa watu elfu, akitumaini kwamba mmoja wao leo ana deni la kumlipa mtu, atadhani ndiye. Hiyo ni barua ya Baron Cahorn, imefupishwa tu.

Basi shikeni maswali matatu. Yaandikeni ndani ya jalada la daftari zenu.

La kwanza: Nani ameandika? Si jina lililo chini tu, bali ni mtu gani, yuko wapi, nami nitampataje?

La pili: Anataka nifanye nini? Akitaka nilipe, au nifungue mlango, au nitie sahihi, nisimame kwanza. Na akinitia hofu na haraka pamoja, nisimame mara mbili. Baron alipewa tarehe. Mzee wangu alipewa siku ya Ijumaa.

La tatu: Nani mwingine aweza kunithibitishia? Awe mtu asiyeletwa na karatasi hiyo yenyewe. Mjumbe hawezi kuwa shahidi wa barua aliyoileta. Nenda ofisini kwa miguu yako. Piga simu kwa namba unayoijua, si ile iliyoandikwa pale. Mwulize mwalimu, mwulize jirani. Kujua kusoma hakukuondolei haki ya kuuliza.

Kabla sijawaaga, niwaambie kwamba hadithi hizi hazijafa. Nyumba ya Leblanc katika mji wa Étretat, kando ya bahari, iligeuzwa makumbusho mwaka 1999. Na mwaka 2021 ulitoka mchezo wa filamu wa mfululizo uitwao Lupin, ukatazamwa katika nchi nyingi. Aliyecheza mbele ni Omar Sy, Mfaransa ambaye wazazi wake walitoka Afrika Magharibi. Katika mchezo huo yeye si Lupin. Ni mtoto wa dereva aliyehama kutoka Senegal. Baba yake alimpa kitabu cha Leblanc akisome. Kisha baba akasingiziwa kuiba kidani cha tajiri wake, akashawishiwa kutia sahihi maandishi ya kukiri kosa asilolitenda, akafia gerezani. Mtoto akakua na kitabu kile.

Nimelitaja hilo kwa ajili ya ile sahihi. Katika hadithi za mwaka 1905 mdanganywa alikuwa tajiri mwenye jumba. Katika mchezo wa mwaka 2021 mdanganywa ni dereva, mtu anayefanana na mimi na wewe. Naye alikuwa anajua kusoma, hata akampa mwanawe kitabu.

Kazi ya juma hili ni hii. Kila mmoja wenu alete darasani karatasi moja iliyochapwa, aliyoipata nyumbani au njiani: tangazo, stakabadhi, karatasi ya dawa, au ujumbe ulioandikwa kutoka simuni. Isomeni kwa sauti, kisha iulizeni maswali yale matatu. Msiogope mkikuta hamna majibu. Andikeni pale pasipo jibu, na mwalimu atawasaidia mahali pa kwenda kuuliza.

Yule mzee bado anakuja darasani. Mara ya mwisho nilipomtembelea alikuwa na karatasi nyingine mkononi, imeandikwa vizuri, ina muhuri. Safari hii hakunionyesha muhuri. Aliweka kidole juu ya mahali palipo wazi, pasipo jina la mwandishi, akanitazama, akasema, "Mwalimu, huyu ni nani?"

Kwaherini, ndugu wasikilizaji, mpaka juma lijalo.

MASWALI YA DARASANI

1. Herufi gani ya jina ilifika melini kabla habari haijakatika? Kwa nini herufi hiyo iliwapoteza abiria?

2. Lupin aliandika barua kwa Baron Cahorn kwa kusudi gani? Jibuni kwa sentensi mbili.

3. Kama ungekuwa Baron, ungefanya nini ulipoisoma habari ya gazetini?

4. Zipangeni herufi za jina lako mwenyewe upate jina jingine. Je, mwenzako aweza kukutambua?

5. Zungumzeni: mtoto wa Henriette alikosa, au walimkosea? Kila mmoja aseme maoni yake, na asikilizwe mpaka amalize.